Usingizi na Simu Barabarani: Nani Hujibu Mbele ya Sheria?

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaombwa kuyasoma kwa makini maelezo haya, yanayohusu dhamana ya kisheria ya mtu anayeendesha gari hali ya kuwa amezidiwa na usingizi, au fikra zake zimeshughulishwa na jambo jengine lisilokuwa barabara. Maelezo haya si tangazo la sheria mpya. Makusudio yake ni kueleza sheria ambazo zipo na zinatumika, kwa sababu wengi huzikumbuka baada ya msiba kwisha kutokea.

Imekuwa ni mazoea, gari inapopinduka na watu wakafa, kusikia maneno kuwa ajali haina kinga. Maneno hayo hufariji wafiwa, na hapana ubaya kuyasema matangani. Lakini mahakamani hayatoshi kuwa utetezi. Sheria hutenganisha baina ya jambo ambalo binadamu hakuweza kuliona wala kulizuia, na jambo ambalo aliliona likija naye akaliacha lije. Usingizi wa dereva, mara nyingi kabisa, huingia katika fungu hili la pili.

Njia ya kutoka Mlangali

Ili maelezo haya yasibaki kuwa ya nadharia, tutachukua njia moja inayojulikana na baadhi ya watumishi na wafanyabiashara wa Visiwani wanaosafiri Bara kwa kazi au kwa kutafuta mbao na mbatata. Mlangali ni kata katika Wilaya ya Ludewa, Mkoa wa Njombe, mkoa uliotengwa na Iringa mwaka 2012. Msafiri anayetoka huko kwenda Dar es Salaam hupita nyanda za juu zenye milima na makona mengi, akafika mji wa Njombe, na baada ya kiasi cha kilomita 60 nyengine hufika Makambako. Hapo barabara ya kutoka Songea na Njombe hukutana na barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma kwa upande mmoja, na Iringa, Morogoro na Dar es Salaam kwa upande wa pili. Kutoka Makambako hadi Dar es Salaam bado zimesalia zaidi ya kilomita 600.

Hiyo ni njia ya gari kubwa za mbao, mbatata, chai na makaa ya mawe, pamoja na mabasi, gari za afisi na pikipiki za abiria. Njombe ni nchi ya juu na ya baridi, na ukungu wake huweza kuifunika barabara alfajiri hata taa za gari zisifae kitu. Dereva anayefunga vioo kwa sababu ya baridi, akawasha kipasha joto, huku abiria wote wamelala, amejitengenezea chumba cha kulala chenye magurudumu. Aidha, mwaka 2023 Serikali iliondoa zuio la mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku kucha, zuio lililodumu kwa takriban miaka 30. Usafiri wa usiku una faida zake kwa biashara na kwa wagonjwa wanaowahi hospitali, lakini umeongeza idadi ya watu ambao maisha yao, katika saa za usingizi, yamo mikononi mwa mtu mmoja.

Hali ya mwili wa dereva

Usingizi si uvivu wala si udhaifu wa tabia. Ni haja ya mwili kama kiu na njaa, na tofauti yake ni kwamba mwili huweza kuichukua haja hiyo kwa nguvu bila ya kumuuliza mwenyewe. Dereva aliyechoka hulala kwa sekunde chache macho yakiwa yamefumba au hata yakiwa wazi, kisha huzinduka na pengine asijue kuwa alilala. Gari inayokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila sekunde. Kwa hivyo sekunde 4 za usingizi ni karibu mita 90 za gari isiyokuwa na dereva. Katika kona za milimani, masafa hayo yanatosha kuitoa gari barabarani au kuipeleka mbele ya gari nyengine.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 na wataalamu wa usingizi wa Australia ulipima uwezo wa watu waliokesha na kuulinganisha na uwezo wa watu waliokunywa pombe. Ilionekana kuwa mtu aliyekaa macho kwa muda wa saa 17 hupungukiwa na uwezo sawa na mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, na anayefikia muda wa saa 24 hulingana na mwenye kiwango cha asilimia 0.10. Kiwango hicho cha mwisho huhesabiwa kuwa ni ulevi mbele ya sheria za nchi nyingi. Aidha, imethibitika kuwa mwili hupungukiwa na nguvu zaidi baina ya saa 8 za usiku na saa 12 za asubuhi, na tena kwa kiasi baina ya saa 8 na saa 10 za mchana.

Kufungua dirisha, kuongeza sauti ya redio, kutafuna karafuu au kunawa uso hakuondoi usingizi. Kahawa husaidia kwa muda mfupi tu. Dawa ya usingizi ni moja, nayo ni kulala.

Sheria inavyosema

Dereva huhukumiwa kwa sheria ya mahali anapoendesha. Anayeendesha Unguja au Pemba yumo chini ya Sheria ya Usafiri wa Barabarani ya Zanzibar, Namba 7 ya mwaka 2003. Anapovuka bahari na kushika usukani Bara, humhusu Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30 ya mwaka 1973, inayojulikana pia kama Sura ya 168, pamoja na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kwa kuwa mfano wetu ni wa Njombe, tutaeleza zaidi sheria za Bara.

Kifungu cha 50 cha Sheria ya mwaka 1973 kinamtia hatiani anayeendesha gari bila ya uangalifu unaostahiki, au bila ya kuwajali watu wengine wanaotumia barabara. Kosa hili hutimia hata kama hakuna aliyeumia. Kifungu cha 41 kinahusu uendeshaji wa namna hiyo unaosababisha mtu kujeruhiwa au kufa. Kifungu cha 40 ni kizito zaidi, kwani kinahusu kusababisha jeraha au kifo kwa uendeshaji wa hatari. Mbali na adhabu zilizotajwa katika kifungu cha 63, mahakama ina uwezo wa kumfutia dereva leseni na kumzuia kupata nyengine kwa muda. Kwa mtu ambaye udereva ndiyo riziki yake, adhabu hiyo huweza kuwa nzito kuliko faini.

Kanuni ya Adhabu nayo, katika kifungu cha 233, inakataza kuendesha chombo katika njia ya umma kwa pupa au uzembe unaohatarisha maisha ya binadamu. Na iwapo uzembe umevuka mpaka na mtu akafa, mwendesha mashtaka huweza kufikiria shtaka la kuua bila ya kukusudia chini ya kifungu cha 195.

Msomaji atatambua kwamba neno usingizi halikutajwa katika vifungu hivi tulivyovieleza. Wapo wanaodhani kwamba kwa sababu hiyo dereva aliyesinzia hana kosa. Dhana hiyo si sahihi. Sheria haikuorodhesha kila sababu ya kuendesha vibaya. Imekataza kuendesha vibaya, na sababu huchunguzwa na mahakama.

Hoja ya dereva aliyelala

Hata hivyo, hoja ya dereva inastahiki kujibiwa. Husema: «Mtu aliyelala hajui alitendalo. Vipi nitaadhibiwa kwa jambo lililotokea nikiwa sina fahamu?» Hoja hii ilifikishwa katika mahakama za Uingereza zamani. Maamuzi ya huko hayazifungi mahakama zetu za leo, lakini husomwa na kuzingatiwa kwa sababu sheria zetu za jinai zina asili moja na zao.

Mwaka 1945, katika shauri la Kay na Butterworth, dereva aliyekuwa akirudi nyumbani baada ya kazi ya usiku kiwandani alisinzia na kuwagonga askari waliokuwa wakienda kwa miguu. Mahakama ilikubali kuwa hakukusudia kulala. Pamoja na hayo ilimuona na hatia, kwa kuwa alihisi usingizi ukimjia naye hakusimamisha gari. Jaji alieleza kuwa hali ingekuwa nyengine kama dereva angepigwa na jiwe, au kupatwa na maradhi ya ghafla, au gari kuvamiwa na nyuki, kwani hayo humfika mtu bila ya kosa lake. Msimamo huo ulitiliwa nguvu mwaka 1958 katika shauri la Hill na Baxter.

Mahakama Kuu ya Australia, katika shauri la Jiminez la mwaka 1992, ililifafanua jambo hili zaidi. Majaji walisema kuwa wakati dereva amelala kweli, vitendo vyake si vya hiari, na kwa hivyo hahukumiwi kwa sekunde hizo. Linalotazamwa ni ule muda uliotangulia, alipokuwa bado macho. Je, alikuwa amechoka kiasi ambacho kuendelea kuendesha kulikuwa ni hatari kwa watu? Kama mwendesha mashtaka hakulithibitisha hilo, mshtakiwa huachiwa. Na katika shauri lile rufaa ya dereva ilikubaliwa.

Hapa ndipo penye kiini cha maelezo yetu. Sheria haimuadhibu mtu kwa kulala. Humuuliza juu ya uamuzi alioufanya akiwa macho: kuondoka bila ya kupumzika, kupita mji wenye nyumba za wageni bila ya kusimama, kupiga miayo mara kumi na bado akasema bado kidogo tufike. Kipimo hicho kinamlinda pia dereva. Aliyepumzika vya kutosha akazimia ghafla kwa maradhi asiyoyajua, hawekwi fungu moja na aliyekesha kwa hiari yake.

Simu na mambo mengine yanayoondoa makini

Yaliyosemwa juu ya usingizi yanahusu vile vile kutokuwa makini. Sheria ya mwaka 1973 ilitungwa miaka mingi kabla ya simu za mkononi kuenea nchini. Lakini dereva anayesoma ujumbe huku gari ikienda, anayepanga nyimbo kwenye redio, anayehesabu nauli au anayegeuka nyuma kubishana na abiria, huyo haendeshi kwa uangalifu unaostahiki, na kifungu cha 50 kinamhusu bila ya haja ya kutajwa kwa jina la chombo alichokishika.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa dereva anayetumia simu yumo katika hatari ya kupata ajali kwa takriban mara nne kuliko asiyetumia, na kuwa simu isiyoshikwa mkononi haina usalama mkubwa zaidi ya ile inayoshikwa. Sababu yake si mkono bali ni fikra, kwani mtu huweza kuiangalia barabara na asiione. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo katika maeneo ya makaazi, kuinamia simu kwa sekunde 3 ni kupita zaidi ya mita 40 bila ya kuangalia. Masafa hayo yanatosha kumkuta mtoto anayevuka akitoka skuli.

Usingizi na simu huweza kukutana katika safari moja. Tarehe 28 Februari 2001, karibu na mji wa Selby, Uingereza, dereva mmoja aliyekuwa amekesha usiku akizungumza kwa simu alisinzia asubuhi akiwa njiani. Gari yake iliacha barabara, ikateremka hadi kwenye reli, ikagongwa na treni ya abiria, ambayo nayo ikagongana na treni ya mizigo. Watu 10 walikufa. Dereva alinusurika na alikana kuwa alilala, akadai kuwa gari iliharibika. Gari ilichunguzwa na kumbukumbu za simu zikaletwa mahakamani. Alitiwa hatiani kwa kusababisha vifo kumi kwa uendeshaji wa hatari, na mwaka 2002 alihukumiwa kifungo cha miaka 5. Jimbo la New Jersey nchini Marekani nalo, mwaka 2003, liliweka sheria ambayo kwayo dereva aliyesababisha kifo baada ya kukaa macho zaidi ya saa 24 huweza kuhesabiwa kuwa ameendesha bila ya kujali maisha ya watu.

Aliyetoa amri

Tumemzungumza dereva. Sasa tumzungumze anayemtuma, kwani yeye mara nyingi hulala nyumbani kwake wakati dereva yumo njiani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Dereva wa afisi moja huko Mlangali ameamka saa 11 za alfajiri na mchana kutwa amesambaza dawa vijijini. Amerudi jioni. Saa 2 za usiku mkuu wake anamuamuru ampeleke ofisa Dar es Salaam, kwa kuwa kesho yake asubuhi kuna mkutano. Dereva anasema amechoka. Anajibiwa kuwa kazi ya Serikali haina kuchoka. Hesabu yake ni nyepesi. Ifikapo saa 4 za usiku, kabla hata hajaikaribia Makambako, atakuwa ametimiza muda wa saa 17 bila ya kulala. Alfajiri ya pili, ambapo mwili huwa dhaifu kabisa, atakuwa ametimiza muda wa saa 24, naye bado yumo katika barabara kuu pamoja na mabasi na matrela.

Amri hiyo inakwenda kinyume na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kwa mujibu wa kifungu cha 19, muda wa kawaida wa kazi ni saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki, na mwajiri haruhusiwi kumfanyisha mtu kazi zaidi ya saa 12 kwa siku hata ikiwemo kazi ya ziada. Kifungu cha 23 kinampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 anapofanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5. Kifungu cha 24 kinataka zipite saa 12 mfululizo za mapumziko baina ya kumaliza kazi na kuanza tena. Kwa mabasi ya masafa marefu, masharti ya usafirishaji yanataka wawepo madereva wawili safari inapozidi muda wa saa 8. Jirani zetu wa Kenya wameweka katika Sheria yao ya Trafiki kuwa dereva wa gari ya abiria au ya biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Nchi za Umoja wa Ulaya humlazimisha dereva wa gari kubwa kupumzika dakika 45 baada ya kila saa nne na nusu za kuendesha.

Iwapo ajali itatokea, amri ile haitamsafisha dereva, kwani hakuna mkuu wa kazi mwenye uwezo wa kumruhusu mtu kuvunja sheria. Lakini mkuu naye asidhani kuwa yuko mbali. Kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu kuwa ni mshiriki wa kosa yule anayelisaidia, analolishauri au anayemfanya mwengine alitende. Amri iliyotolewa kwa mtu aliyekwisha kusema amechoka, mbele ya mashahidi au kwa maandishi ya simu, ni ushahidi ambao mahakama inaweza kuutazama.

Hapa lipo jambo la haki ambalo kila afisi inapaswa kulifikiria. Ajali inapotokea, anayefungwa pingu pale pale ni dereva. Yeye ndiye mwenye mshahara mdogo, na ndiye aliyeogopa kuambiwa ni mkaidi. Ikiwa uchunguzi utaishia kwake tu, basi safari nyengine ya namna ile ile itapangwa wiki inayofuata na dereva mwengine atapewa ufunguo.

Fidia kwa walioumia

Mbali na shauri la jinai, aliyejeruhiwa au jamaa wa marehemu wana haki ya kudai fidia kwa njia ya madai. Mwajiri hubeba dhamana ya kosa alilolitenda mfanyakazi wake akiwa kazini, na Serikali haikutolewa katika kanuni hiyo. Kwa upande wa Bara, Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali inataka mdai atoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri. Wananchi wengi hupoteza muda wao kwa kutolijua sharti hili.

Aidha, Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya watu wengine wanaoweza kudhurika, na aliyeshinda shauri lake huweza kuidai kampuni ya bima kiasi kilichohukumiwa kwa mujibu wa masharti ya sheria hiyo. Ni vyema kila abiria, mara baada ya ajali, aandike namba ya gari, jina la kampuni ya bima, na kituo cha polisi kilichopokea taarifa.

Namna ya kuthibitisha

Hakuna kipimo cha kupuliza kinachoonesha usingizi kama kile cha pombe. Kwa hivyo ukweli hujengwa kwa vipande. Wapelelezi hutazama kama barabarani zipo alama za breki, kwani dereva aliyelala kwa kawaida hafungi breki. Hutazama saa ya ajali, daftari la safari za gari, saa dereva alipoanza kazi na siku ngapi mfululizo amefanya kazi. Mabasi yenye kifaa cha kufuatilia mwendo huonesha wapi yalisimama na kwa muda gani. Kumbukumbu za simu, zikipatikana kwa utaratibu wa sheria, huonesha kama dereva alikuwa akizungumza au akiandika. Na abiria husema waliyoyaona: gari iliyoyumba, dereva aliyejipiga makofi usoni ili asilale, au waliomsihi apumzike naye akakataa.

Katika shauri la jinai, hayo yote lazima yafikie kiwango cha kuthibitisha bila ya kuacha shaka ya maana. Katika shauri la madai, inatosha kuwa mizani imeelemea upande mmoja. Kwa sababu hiyo, dereva anaweza kuachiwa katika shauri la jinai na mwajiri wake bado akalipishwa fidia.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, watumishi na wananchi wanakumbushwa mambo yafuatayo:

1. Dereva aliyehisi dalili za usingizi, kama vile miayo ya mfululizo, macho mazito, kusahau alipopita au gari kuhama upande wake, asimame mahali pa salama nje ya barabara na alale. Usingizi wa dakika 20 humsaidia kufika mahali pa kulala, lakini haushiki nafasi ya usingizi wa usiku.

2. Simu ya dereva izimwe au ikabidhiwe abiria kabla ya gari kuondoka. Mwenye shida naye atasubiri.

3. Mkuu wa afisi anayesaini ruhusa ya safari aulize dereva aliamka saa ngapi na amelala saa ngapi usiku uliopita. Mkutano wa asubuhi katika mji wa mbali maana yake ni kuondoka siku moja kabla, na gharama ya kulala njiani ipangwe mapema katika bajeti.

4. Dereva anayesema kuwa amechoka asihesabiwe mtovu wa nidhamu. Amesema jambo ambalo sheria inamtaka alizingatie.

5. Ofisa anayesafiri katika gari ya Serikali asimhimize dereva kukimbia wala kumtaka apokee simu, na asilale akamwacha dereva peke yake usiku kucha.

6. Mwenye gari ya mizigo asiweke malipo ya ziada kwa dereva atakayewahi sokoni kabla ya wenzake. Malipo ya namna hiyo ni kumnunulia mtu hatari.

7. Abiria aliyeona dereva anasinzia au anachezea simu aseme kwa sauti na kwa adabu, na wenzake wamuunge mkono. Asiposikilizwa, taarifa ipelekwe kwa askari wa usalama barabarani katika kituo au mizani inayofuata.

Mambo haya si mageni na hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji kila aliyemo katika safari kujua kuwa dhamana yake imeanza kabla ya gari kuwashwa. Dereva aliyesimama Makambako akalala mpaka kukacha atachelewa kufika, na huenda akalaumiwa kwa kuchelewa. Lawama hiyo inasameheka. Sheria zilizoelezwa hapa zimewekwa kwa ajili ya lawama ile nyengine, ambayo aliyefiwa na mzazi au mtoto hatakuwa na namna ya kuisamehe kwa urahisi.